Fangasi yako haiponi? Soma nyuma ya kasha kabla hujapaka tena

MfamasiaUyole (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo Mbeya, kazi yangu ni kutoa dawa, na uzi huu nauanzisha kwa sababu swali moja linarudi dirishani kila siku: "Nimepaka krimu zote, mbona fangasi haiishi?" Nikimwomba mtu anioneshe alichokuwa anapaka, mara nyingi anatoa mfukoni tyubu iliyokunjwa mpaka shingoni. Naigeuza, na jibu liko pale nyuma. Ni krimu ya mchanganyiko: ina dawa ya fangasi, ina antibayotiki, na ina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Hiyo ya tatu ndiyo inayoilea fangasi.

Mashilingi, yaani fangasi ya ngozi ya mwilini, huanza kama mduara. Ukingo umeinuka kidogo, una magamba, unawasha, na katikati ngozi imetulia. Mtu anakwenda dukani anauziwa mchanganyiko kwa sababu unampendeza mteja haraka: siku ya pili tu muwasho umekata na wekundu umefifia. Steroidi imeilaza kinga ya ngozi mahali pale, na muwasho ule ulikuwa ni kinga ikipambana. Fangasi yenyewe ipo, tena sasa inatambaa bila wa kuisumbua. Akiacha kupaka, haipiti muda inalipuka upya, kubwa kuliko mwanzo. Yeye anaamini ile krimu ilikuwa inamsaidia, anarudi kununua nyingine. Ikienda hivyo miezi kadhaa, mduara unapoteza sura. Yanabaki mabaka yasiyo na ukingo, na hata mtaalamu anaweza kuyadhania pumu ya ngozi akaandika steroidi kali zaidi.

Kuna madhara yasiyorudi nyuma. Mapajani na kwapani ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi ambayo haifutiki hata fangasi ikiisha. Usoni yanatoka chunusi na vimishipa vinaanza kuonekana. Mtoto mchanga anayepakwa chini ya nepi, dawa inapenya mpaka kwenye damu yake. Linaniuma hili, kwa sababu steroidi hizo hizo ndizo watu wanazojichubulia, kwa hiyo zimejaa kila kona na bei yake ni ndogo.

Basi geuza kasha. Maandishi ni ya Kiingereza na ni madogo, tafuta palipoandikwa viambato. Ukikuta Clobetasol, Betamethasone au Dexamethasone, hiyo si ya kujinunulia kwa ajili ya fangasi. Ukikuta klotrimazoli peke yake au mikonazoli peke yake, hapo sawa. Paka mara mbili kwa siku, vuka ukingo wa duara kama upana wa kidole, na ukiona ngozi imekuwa safi usiache. Endelea wiki moja au mbili zaidi. Wengi wanaishia hapo kwenye usafi wa macho, na fangasi iliyobaki haionekani kwa macho.

Kuna na dawa ya kizamani ambayo watu wanaidharau kwa sababu inakuja kwenye kopo la kawaida: mafuta ya Whitfield. Arthur Whitfield alikuwa daktari wa ngozi London, na mchanganyiko wake ni wa mwaka 1907: asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Moja inazuia fangasi, nyingine inabandua ngozi ya juu iliyokufa ambamo fangasi imejificha. Yanachoma kidogo, hayapakwi usoni wala sehemu za siri, lakini kwa mashilingi ya mwilini na miguu bado yanafanya kazi.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi. Wataalamu wengine mliopo humu karibuni.

---

Mnyalukolo

Kamwene mkuu. Mimi hiyo ya mchanganyiko nimeitumia na nikapona kabisa, huu mwaka wa pili haijarudi. Usije ukatisha watu wakaacha dawa inayofanya kazi.

---

MfamasiaUyole

Kamwene Mnyalukolo. Nakuamini. Ndani yake kuna dawa ya fangasi kweli, na kama duara lilikuwa dogo na ulipaka siku za kutosha, dawa hiyo inaweza kushinda. Tena daktari aliyekuona anaweza kuamua akupe mchanganyiko kwa siku chache pale ngozi imevimba na inawasha usiku huwezi kulala. Ninachokataa ni mtu kuufanya ndiyo dawa yake ya kila siku, anaununua kwa jina, anaupaka usoni na mapajani miezi mitatu, minne. Klotrimazoli tupu ingekuponya vilevile, ungevumilia muwasho siku chache za mwanzo tu.

---

MamaWawili_Makambako

Asante kwa uzi, kaka. Mwanangu wa darasa la pili ana mapunye. Nimempaka klotrimazoli wiki tatu, hakuna kitu. Jirani akanishauri mafuta ya taa, nikapaka mara moja mtoto akalia sana nikaacha. Sasa pametokea uvimbe laini kisogoni unatoa usaha na nywele zinang'oka zenyewe. Dukani wamesema ni jipu lipasuliwe. Nifanyeje?

---

MfamasiaUyole

Pole sana mama. Usikubali lipasuliwe kabla hajaonwa na tabibu anayejua ngozi. Uvimbe laini kama huo, juu ya mapunye yaliyokuwepo, wenye vitundu vinavyotoa usaha na nywele zinazotoka ukizivuta kidogo, mara nyingi si jipu. Ni kinga ya mwili wa mtoto inapigana vikali na fangasi. Kupasua hakusaidii, na kovu likibaki nywele hazioti tena mahali pale. Mpeleke mapema wiki hii, usisubiri, na mafuta ya taa yasimguse tena.

Kuhusu krimu kutofanya kazi: kichwani fangasi imeingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina, na krimu haifiki huko. Mapunye yanatibiwa kwa dawa ya kumeza. Ya siku nyingi ni griseofulvini. Ilipatikana mwaka 1939 kutoka kwenye ukungu, ndugu wa ule uliotupa penisilini, ikaanza kutumika kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Inavyofanya kazi inapendeza kuielewa: haiui fangasi kwa pigo moja. Inaingia kwenye chembe changa zinazotengeneza nywele na ngozi, kwa hiyo kila kinachoota upya kinaota kikiwa na dawa ndani, na fangasi haiwezi kugawanyika humo. Kile cha zamani kinatakiwa kikue kitoke. Ndiyo maana mtoto anameza wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi, kwa kipimo cha uzito wake, na ndiyo maana ukimwachisha wiki ya pili umefanya kazi bure.

Jambo ambalo hawakuambii dukani: griseofulvini inataka mafuta. Ikimezwa na chai ya rangi tumboni patupu, sehemu kubwa inapita bila kuingia mwilini. Nyie Njombe huko mna bahati, mpe pamoja na parachichi, au maziwa, au ugali wenye mboga ya karanga.

Kuna na terbinafini ya kumeza, ambayo kwa aina fulani za mapunye inamaliza kazi kwa muda mfupi zaidi. Ipi imfae mtoto wako ataamua atakayemwona. Shampuu ya ketokonazoli haitoshi yenyewe, lakini ukimwosha nayo mara mbili kwa wiki inapunguza vimelea anavyowaambukiza wenzake. Angalia na kichwa cha huyo mwingine hapo nyumbani.

---

KijanaWaIgurusi

Mkuu sisi huku Usangu tunashinda majarubani miguu ndani ya maji. Kati ya vidole vidogo vya miguu kunakuwa kweupe, kunalainika, kunachanika, na harufu. Kila msimu wa kupandikiza mpunga inarudi. Nimewahi kumeza kidonge kimoja cha flukonazoli nikaambiwa kitamaliza.

---

MfamasiaUyole

Kidonge kimoja cha miligramu 150 ni cha fangasi ya ukeni. Kwa miguu hakitoshi, umepoteza hela.

Fangasi ya miguu inapenda sehemu moja: nafasi kati ya kidole cha nne na cha mwisho, kwa sababu ndiyo inayobanana zaidi na haikauki. Wewe ni majaruba, wenzako wa Mufindi ni mabuti ya mpira ya kwenye chai, wa Tukuyu ni mvua isiyokatika. Krimu ya terbinafini hapo ni nzuri sana, wiki moja mpaka mbili inaweza kumaliza. Klotrimazoli nayo inaponya, ila inataka mwezi.

Lakini dawa bila kukausha ni kazi isiyoisha. Ukitoka shambani osha, kisha chukua kitambaa uingize kati ya kila kidole, usikaushe juu juu. Lala miguu wazi. Kama unavaa mabuti, tafuta jozi mbili zipokezane, jozi ya jana ikae kichwa chini ikauke mpaka ndani. Soksi za pamba, na zibadilishwe kila siku.

Usiidharau hiyo michaniko. Bakteria wanapita hapo, mguu unavimba ghafla, unakuwa wa moto, mtu anapata homa. Mwenye kisukari ndiye namsihi zaidi: achunguze miguu yake kila jioni.

---

MkulimaUmalila

Samahani kwa swali. Huku tunapuliza dawa ya ukungu kwenye viazi kila wiki wakati wa mvua. Kama ukungu wa viazi unakufa, kwa nini nisiipake miguuni? Kuna jamaa anafanya hivyo na anasema inakausha.

---

MfamasiaUyole

Swali zuri mkuu, usiombe samahani. Asifanye hivyo. Kinachoshambulia viazi vyenu kikageuza majani meusi kwa siku chache si fangasi kama ya ngozi, ni kiumbe cha ukoo mwingine kabisa, kwa hiyo dawa yake haikutengenezwa kwa ajili ya mguu wako. Mankozebu, mojawapo ya dawa hizo za viazi, inawasha na kuunguza ngozi, ndiyo maana kwenye pakiti wanakwambia uvae glavu. "Kukausha" anakokuona ni ngozi kuungua.

Na kuna jambo linalounganisha shamba na hospitali ambalo wakulima wachache wameelezwa. Zipo dawa za ukungu za mashambani, za ngano na mazao mengine, ambazo ni ndugu wa damu wa flukonazoli na itrakonazoli, dawa za fangasi za hospitali. Fangasi iliyoko kwenye udongo ikizoea ile ya shambani, inaweza kuja kuikataa na ile ya hospitali. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba wamepata fangasi ya namna hiyo kwenye udongo hapa hapa Tanzania, upande wa Kilimanjaro. Ni ile inayoshambulia mapafu, hasa ya mtu ambaye TB ilimwachia mashimo ndani. Kwa hiyo ukiwa na mtu aliyewahi kuugua TB akapona, sasa anakohoa damu na makohozi yanasoma hana TB, msiridhike. Ulizeni kuhusu fangasi ya mapafu.

---

BintiIleje

Nauliza kwa niaba ya wengi walio kimya. Fangasi ya ukeni inarudi kila mwezi. Nameza flukonazoli, inatulia, inarudi. Mume wangu ananiangalia vibaya kana kwamba nimeitoa nje.

---

MfamasiaUyole

Dada, kwanza hilo la mume. Fangasi ya ukeni haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa. Kandida, ndiyo fangasi yenyewe, huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kusumbua, na huzidi pale mazingira yakibadilika: baada ya antibayotiki, wakati wa ujauzito, sukari ikiwa juu, kinga ikishuka. Muoneshe uzi huu.

Pili, je, una uhakika ni fangasi? Fangasi ya kweli inawasha sana na uchafu wake ni mzito, mweupe, kama maziwa yaliyoganda, kwa kawaida bila harufu kali. Ukiwa na majimaji ya kijivu yenye shombo la samaki, hiyo ni ya bakteria, na flukonazoli haiigusi. Yakiwa ya njano au kijani yenye povu, kuna trikomonas, ugonjwa wa zinaa, na hiyo mnatibiwa wote wawili. Wanawake wengi wanameza dawa ya fangasi kwa ugonjwa usio fangasi. Kipimo chake ni kidogo: wanachukua ute wanauangalia kwenye hadubini.

Tatu, ikirudi mara tatu au nne kwa mwaka, pima sukari na pima VVU. Sikuambii hivyo kukutia hofu, ni utaratibu wa kawaida. Na kama kweli ni kandida inayorudi, tiba yake ni ndefu: baada ya kuituliza, flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi 6, kwa usimamizi.

Ukiwa mjamzito usimeze flukonazoli. Tumia klotrimazoli ya kuweka ukeni, siku 7. Na tafadhali, kitunguu saumu, siki na sabuni visiingie ndani. Kitunguu saumu kinaunguza ngozi ya mkono, sembuse huko.

---

MuuguziWaNyanda

Mleta mada ndaga fijo kwa uzi. Naomba niongeze kitu kwa sababu watu wakisikia fangasi wanafikiria kuwashwa tu, na mimi nafanya kazi CTC, kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU, kwenye mikoa yetu hii. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Kwa hiyo fangasi ninayotaka kuisema inatuhusu sisi kuliko mikoa mingi.

Inaitwa kriptokokasi. Ipo kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa, inaingia kwa kuvuta hewa. Haiambukizwi mtu kwa mtu. Mwenye kinga nzuri anaizuia bila hata kujua. Mwenye VVU ambaye CD4 (chembe za kinga) zimeshuka chini ya 200, na hasa chini ya 100, inapanda kwenye ubongo na kuwa homa ya uti wa mgongo. Inakuja polepole, ndiyo ubaya wake. Kichwa kinauma wiki ya kwanza, anameza panado. Wiki ya pili kinauma, anatibiwa malaria, kisha taifodi. Anaanza kuona mawili mawili, kuchanganyikiwa, kutapika. Wengine ndugu wanasema amerogwa, wanampeleka kuombewa. Anapofika hospitali hajitambui.

Kuna kipimo cha damu, kinaonesha antijeni, yaani alama, ya fangasi hii, na kinaweza kuwa chanya wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Ndiyo maana mtu akija na CD4 za chini tunataka apimwe. Utafiti uliofanyika Tanzania na Zambia, ukachapishwa mwaka 2015, ulionesha kwamba kupima hivyo pamoja na kumfuatilia mgonjwa nyumbani wiki za mwanzo za ARV kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Ukikutwa chanya bila dalili, flukonazoli inayoanzwa mapema inazuia isipande.

Ikishapanda, tiba ni nyingine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo: dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta) kwenye mshipa, pamoja na flusitosini na flukonazoli za kumeza siku 14. Majaribio yalifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Zamani mgonjwa alikaa na dripu ya amfoterisini ya kawaida siku nyingi, anatetemeka, figo zinaumia, potasiamu inashuka.

Sasa nifike ninapopataka. Ndugu zangu, kipimo cha maji ya mgongo hakiui na hakipoozeshi. Nimeona familia zinakataa, zinasema "fulani alichomwa mgongoni akafa". Alikufa kwa ugonjwa aliochelewa nao. Fangasi hii inaziba njia ya maji ya ubongo, presha inapanda kichwani, na presha hiyo ndiyo inayoua na kupofusha. Tukitoa maji kwa sindano, sehemu ya chini ya mgongo ambako uti wenyewe haufiki, mgonjwa aliyekuwa analia kwa kichwa anaweza kutulia pale pale kitandani. Inabidi irudiwe, wakati mwingine kila siku. Ukiombwa kusaini kwa ajili ya mama yako, saini.

Na msishangae tukisema ARV zisubiri wiki 4 hadi 6 kwa mgonjwa wa aina hii. Si kwamba tumemtupa. Kinga ikiamka ghafla ubongo ukiwa bado umejaa fangasi, uvimbe wake unaweza kumuua.

---

MfamasiaUyole

Nesi, umesema yote. Niongeze upande wa dawa tu. Mgonjwa anayetumia rifampisini ya TB amwambie anayemwandikia dawa za fangasi, maana rifampisini inaishusha flukonazoli na inaipunguza itrakonazoli karibu iwe haina kazi. Wagonjwa wenye TB na fangasi kwa pamoja kwetu hawako wachache.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini dawa za fangasi zinaumiza figo na ini kuliko antibayotiki nyingi. Chembe ya bakteria imetofautiana sana na ya kwetu, rahisi kuilenga. Ya fangasi inafanana na yetu. Tofauti kubwa tuliyopata ni kwamba ukuta wake wa ndani umejengwa kwa mafuta yaitwayo egosteroli, wa kwetu kwa kolesteroli. Kina flukonazoli na klotrimazoli wanazuia egosteroli isitengenezwe, terbinafini inakata hatua ya mapema zaidi, amfoterisini inaing'ang'ania iliyokwisha kujengwa na kutoboa ukuta. Dawa nyingi tulizonazo zinapiga jengo hilo hilo moja. Ndiyo maana nachukia kuona zinachezewa.

---

Mnyalukolo

Hapa nimejifunza. Na utando mweupe mdomoni kwa watoto wachanga? Na mba wa mgongoni, yale mabaka meupe?

---

MfamasiaUyole

Utando wa mdomoni kwa kichanga: nistatini ya matone, mara nne kwa siku baada ya kunyonya, na mama apakwe dawa ya fangasi kwenye chuchu kama zinauma. Nistatini haiingii kwenye damu kutoka tumboni, inafanya kazi pale inapogusa, kwa hiyo isukumwe mashavuni ikae. Hii dawa naipenda kwa historia yake. Ilipatikana mwaka 1950 na wanawake wawili Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown. Mmoja alikuwa mji wa New York, mwingine Albany, na walitumiana sampuli kwa posta. Udongo uliotoa dawa ulitoka shamba la rafiki zao Virginia. Mapato yake, zaidi ya dola milioni 13, waliyaelekeza kwenye utafiti wa sayansi.

Mtu mzima mwenye utando mdomoni bila sababu, apime VVU.

Mba wa mgongoni: oga na shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu, ikae dakika kama kumi kwenye ngozi, uoshe. Griseofulvini hapo haifanyi kitu kabisa, wala terbinafini ya vidonge. Na ujue kwamba fangasi ikifa, weupe unabaki miezi mpaka rangi irudi. Usiendelee kupaka dawa kwa kuona weupe. Kama hakuna magamba ukikwangua kwa ukucha, umepona. Vidonge vya ketokonazoli msitumie kwa ngozi, tangu 2013 mamlaka za Ulaya na Marekani ziliviwekea mipaka mikali kwa sababu ya ini.

---

KinyoziMwanjelwa

Mkuu nimesoma mpaka mwisho kwa sababu mapunye yanatuhusu sisi vinyozi. Mimi nina mashine mbili, napuliza spiriti na nina lile sanduku lenye mwanga wa bluu. Inatosha? Na mtoto mwenye mapunye nimkatae?

---

MfamasiaUyole

Nashukuru umeuliza, vinyozi wanaouliza ni wachache.

Mpangilio ndio muhimu. Baada ya kila kichwa, fungua meno ya mashine na upige brashi mpaka vinywele vyote vitoke, maana fangasi imo ndani ya vipande vya nywele. Kisha ndipo spiriti, iloweshe meno yote na uyaache yabaki na unyevu dakika chache, si kupuliza na kufuta hapo hapo. Mwanga wa sanduku unaua pale unapogusa tu. Mashine iliyojaa nywele ukiiweka humo, kilicho chini ya nywele kinatoka salama. Vitana na brashi, maji ya sabuni kwanza halafu jiki iliyochanganywa na maji, ila meno ya chuma usiyaloweke kwenye jiki, yatakula kutu. Taulo moja kwa kichwa kimoja. Hizo mashine mbili zinakusaidia: moja inapumzika kwenye spiriti wakati nyingine inafanya kazi.

Mtoto mwenye mapunye usimfukuze kwa kumwaibisha. Mwambie mzazi pembeni kwamba hii inataka vidonge, na kwamba akishaanza dawa anaweza kuendelea na shule kama kawaida. Ukimnyoa, mnyoe wa mwisho jioni, halafu mashine hiyo uisafishe kwa utaratibu wote kabla ya kufunga. Mzazi aje na kitana na taulo lake.